Anayechanga Ana Haki ya Kuuliza: Wasapota wa Butembo na Beni na Wakubwa wa Klabu

Timu inapoanza kuteremka, katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, lawama haikai muda mrefu juu ya wachezaji. Wiki mbili tatu watu watamlaumu golikipa, watamlaumu kocha, watasema mshambuliaji amechoka. Baada ya hapo macho yote yanageukia meza ya wakubwa: prezida wa klabu, komite yake na wafadhili wanaokaa naye chini ya kivuli siku ya mechi. Wapo wanaoiita hasira hiyo utovu wa shukrani. Wanasema wasapota hawana lao, wanapiga kelele juu ya mali ya mtu mwingine. Mimi naona kinyume chake. Hasira hiyo ni desturi ya watu wa hapa inayodai nafasi yake katika jambo moja ambalo imenyimwa kwa muda mrefu. Katika kila shughuli ya pamoja ya Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira, mwenye kuchanga husomewa hesabu. Uwanja wa mpira ndio mahali ambapo watu huchanga na hakuna anayewasomea chochote.

Tazama matanga, kwa sababu hapo ndipo desturi hii inaonekana kwa uwazi kuliko popote. Penye msiba, karibu na mlango wa ua, huwekwa meza ndogo, na juu yake daftari la shule lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Kijana anayeaminiwa na familia anaketi hapo na kalamu. Kila anayeingia anaandikwa jina na alicholeta: franka, dolari, kilo za maharage, sukari, mzigo wa kuni. Mwisho wa matanga mtu anasimama na kulisoma daftari mbele ya wote, jina kwa jina, yaliyoingia na yaliyotoka, jeneza limegharimu kiasi gani, chakula kiasi gani, kilichobaki ni nini na kinamwendea nani. Tajiri aliyetoa dolari mia anasomwa, na mjane aliyeleta kikapu cha mihogo anasomwa vilevile. Hakuna anayemwambia mjane kwamba mihogo yake ni kidogo mno kumpa haki ya kusikiliza. Likelemba, ile akiba ya zamu ya akina mama wa soko, inakwenda kwa utaratibu huohuo, na kwa ukali zaidi: anayeshika pesa za wenzake akashindwa kueleza zilikopita hapewi zamu tena, na habari zake zinamfuata hadi soko la mji wa pili. Wazee nao walikuwa na kyaghanda, ile nyumba ya mazungumzo ya kijijini ambapo wanaume walikaa jioni kuzunguka moto, kesi zikasikilizwa, vijana wakafundishwa, na mkubwa aliyekosea akaambiwa kosa lake uso kwa uso. Kyaghanda haikuwa na nafasi kwa wanawake, na huo ulikuwa upungufu wake; katika jambo la hesabu, nadhani akina mama wa likelemba wamewapita wazee hao.

Desturi hii haikubaki kwenye misiba na akiba ndogondogo. Ndiyo iliyoujenga mji wa Butembo. Serikali ilipodhoofika katika miaka ya mwisho ya Mobutu, na vita vilipofuata, wafanyabiashara wa Butembo, Kanisa Katoliki na raia wa kawaida walishika kazi ambazo kwingine hufanywa na wizara. Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, anakumbukwa pamoja na mambo mengine kwa kuwasukuma watu watengeneze barabara zao. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa na jimbo hilo la Kanisa mwaka 1989. Uwanja wa ndege wa Rughenda ulipanuliwa kwa mchango wa wenyeji. Watu wa namna hii wanajua mradi ni nini. Wanajua pesa zinakusanywaje, na wanajua zinapotea vipi. Mtu asidhani kwamba wakifika uwanjani wanaacha akili hiyo getini.

Sasa tazama klabu inavyoendeshwa. Prezida huwa mfanyabiashara au mwanasiasa, na mara nyingine yeye ni yote mawili. Analipa usafiri, analipa malipo ya ushindi, anamleta kocha, anamwondoa kocha. Baada ya muda watu wanaizoea timu kwa jina lake, na yeye mwenyewe anaanza kusema «timu yangu». Hali hii iko Kongo nzima. TP Mazembe ya Lubumbashi imefungamana na jina la Moïse Katumbi tangu 1997, na AS V.Club ya Kinshasa iliongozwa miaka mingi na jenerali wa jeshi, Gabriel Amisi. Lakini kisheria habari ni nyingine. Klabu zetu nyingi zimesimama kama mashirika yasiyo ya faida, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Katika shirika la namna hiyo hakuna mwenye hisa wala mwenye mali. Chombo cha juu kabisa ni mkutano mkuu wa wanachama, na huo ndio unaopaswa kupokea na kupitisha hesabu za mwaka. Kwa hiyo yule tunayemwita mwenye timu ni mtu aliyekabidhiwa timu. Sheria ya nchi na daftari la matanga vinasema jambo moja, ingawa havikuandikwa na mkono mmoja.

Wapo watakaouliza wasapota wamechanga nini hasa. Wamechanga tiketi, kwanza, kila Jumapili ya mechi, na tiketi ya mtu anayeendesha pikipiki ya kukodi ni sehemu kubwa ya chakula cha nyumba yake siku hiyo. Wamechanga usafiri wa timu pale ilipokwama. Kuna mchango mwingine usioandikwa popote. Wachezaji wengi wa timu zetu wanaishi mitaani, katika chumba cha kupanga, na wanakula kwa mama wa jirani kwa deni. Malipo yanapochelewa, mama huyo ndiye anayebeba klabu. Yeye anaona deni la beki wa kushoto likipita mwezi wa kwanza, likaingia wa pili, na anajua hali ya sanduku la klabu kabla mtangazaji wa redio hajasema neno. Ndiyo sababu hasira dhidi ya wakubwa inaanzia mitaani na kufika uwanjani ikiwa imeshakomaa: watu wanakuja na ushahidi. Wanaposikia prezida akisema kila kitu kimelipwa, wanajua kwamba si kweli, na uongo huo unawaumiza kuliko kufungwa.

Msimu wa 2018-2019 unaeleza ugumu wote huu. AS Nyuki ya Butembo ilikuwa katika Linafoot, ligi moja na Mazembe na V.Club. Kwa mji wenye njia za vumbi na umeme wa kubahatisha, kuisikia Nyuki ikitajwa pamoja na majina hayo ilikuwa heshima kubwa. Lakini Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa ukipima hewani, na hakuna barabara ya kukufikisha huko. Kila mechi ya mbali ni ndege, hoteli na chakula cha watu zaidi ya ishirini. Na msimu huo ulikuwa msimu wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, ukaingia Butembo na Katwa kwa nguvu mwanzoni mwa 2019, na ulipotangazwa kwisha mwezi wa Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Hakuna msapota mwenye haki atakayemlaumu prezida yeyote kwa Ebola.

Na hapa panakuja pingamizi zito. Watu wanasema: klabu za Beni na Butembo zinashuka kwa sababu ya vita, basi waacheni viongozi. Ni kweli kwamba eneo la Beni linazika watu waliouawa kwa mapanga na risasi tangu Oktoba 2014, kwamba mkoa umekuwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, na kwamba kuanguka kwa Goma mwezi wa Januari 2025 kuliipasua Kivu Kaskazini vipande viwili. Biashara imelegea, barabara zimekatwa, mfadhili aliyekuwa akitoa kumi anatoa mbili. Hayo yote yanaeleza kwa nini timu ni maskini. Hayaelezi kwa nini hesabu zake hazisomwi. Familia iliyompoteza mtu wake shambani, njiani kuelekea Mbau, nayo inaweka meza na daftari mlangoni, na siku ya mwisho inawasomea waombolezaji. Umaskini haujawahi kuzuia desturi hii; kwa kweli pesa zikiwa chache ndipo watu wanapotaka zaidi kujua zimepita wapi. Prezida angesimama na kusema, «Tulipata hiki, ndege imekula hiki, hatuna cha kumlipa kocha,» wengi wangemhurumia, na wengine wangefungua mifuko.

Pingamizi la pili ni la woga: ukimuuliza sana tajiri ataondoka, na timu itakufa. Woga huu una msingi. Yanga ya Dar es Salaam ilionja jambo hilo Mei 2017, mwenyekiti wake tajiri Yusuf Manji alipojiuzulu. Timu iliyokuwa imechukua ubingwa wa Tanzania mara tatu mfululizo ikamaliza ya tatu msimu uliofuata, mishahara ikawa shida. Lakini tazama kilichofuata. Msimu wa 2018-2019 kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, alitoa pesa zake mwenyewe na kuwahimiza wanachama wachange, nao wakachanga, na Yanga ikamaliza ya pili. Nakubali kwamba ubingwa ulirudi baadaye tu, mfadhili mwingine mkubwa alipokuwa ameshaingia. Mchango wa wengi ulizuia timu isianguke, haukutosha kuipandisha kileleni. Hata hivyo wanachama wa Yanga na wa mahasimu wao Simba walitoka na somo moja, kwani klabu zote mbili zilikubali mfumo unaowaachia wanachama asilimia 51 na kumpa mwekezaji 49. Tajiri anakaribishwa, ila mezani anakuta watu wengine wameketi. Sisi hatuna wanachama wengi kama wao wala soko kubwa kama lao, na mfumo wenyewe una ugomvi wake. Lakini anayesema kwamba kuuliza kunawafukuza wenye pesa ana jibu hapo.

Pingamizi la tatu linaniuma zaidi, kwa sababu lina maiti ndani yake. Mnamo Septemba 2008, mjini Butembo, mechi ya Nyuki System na Socozaki iliharibika baada ya golikipa kushutumiwa kwamba anatumia fetishi. Ugomvi ukazuka, mawe yakarushwa, polisi wakapiga gesi ya machozi, watu wakakimbilia kutoka, na Redio Okapi ikatangaza vifo vya watu 13, wengi wao watoto na vijana wadogo. Kinshasa nayo ilipoteza watu 15 tarehe 11 Mei 2014 katika mechi ya V.Club na Mazembe. Baada ya hayo, mtu akisema wasapota wanyamaze, wasiendeshe hasira uwanjani, ana sababu. Mimi sitetei jiwe hata moja. Ila nauliza kwa nini mnamo 2008 watu wengi namna ile walikuwa tayari kuamini kwamba mambo ya timu yanaamuliwa kwa dawa. Penye giza juu ya mambo ya timu, watu hujaza wenyewe: mchezaji amenunuliwa, golikipa ameroga, prezida ameiuza mechi. Msapota anayejua kwamba beki hajalipwa tangu mwezi wa pili hahitaji mchawi wa kumweleza kwa nini beki anacheza vibaya. Kunyamazisha maswali hakujawahi kutuliza uwanja. Kumeyahamisha tu maswali kutoka mkutanoni, ambapo yana jibu, hadi kwenye majukwaa, ambapo yana mawe.

Wasapota nao wana deni. Anayeruka ukuta ili asinunue tiketi hana mahali pa kusimama akidai hesabu, na yule anayeonekana timu inaposhinda tu, akizunguka mji kwa pikipiki na matawi ya miti, kisha akapotea miezi minne, hawezi kujiita mwanachama. Haki ninayoitetea ni ya aliyechanga, hata akichanga franka mia tano. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya komite za wasapota, za Nyuki, za Capaco ya Beni na za timu zilizo chini yao, ni kuandika majina ya wachangiaji na kuwafanya wawe wanachama kwa karatasi, ili siku ya mkutano mkuu pasiwe na mtu wa kuwaambia kwamba hawajulikani. Kazi ya pili ni ya wakuu wa klabu, na wakati wake si mwisho wa msimu. Timu ikishashuka hesabu hugeuka kesi, kila mtu anajitetea na hakuna anayesikiliza. Mkutano wa kusoma daftari uitishwe katikati ya msimu, nusu ya mechi zikiwa zimebaki, mbele ya waandishi wa redio za mji, na akina mama wanaowalisha wachezaji wakaalikwa na madeni yao mkononi. Hapo bado pana pointi za kutafuta, na bado pana watu walio tayari kuchanga.