Injini Inapotetemeka: Pima Kwanza, Ndipo Ununue Kipuri

Barabara itokayo Sagana, ikapita Karatina hadi Nyeri, ni barabara ya kupanda. Sagana iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na Nyeri mita 1,750 hivi. Ukiendelea hadi Nanyuki wazidi mita 1,900. Katika njia hizo, na katika zile za matope ziendazo Othaya, Mukurweini na Tetu, motokaa kuukuu hufanya kazi ambayo gari jipya lingeona haya kuikataa. Peugeot 404, kwa mfano, si gari la kudharauliwa: ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Lakini chuma nacho huzeeka.

Tuseme mkulima wa Othaya ana pikapu ya namna hiyo, ambayo huchukulia kabeji kwenda soko la Karatina. Asubuhi moja injini yaanza kutetemeka, na mlimani gari lakosa nguvu. Fundi wa kwanza amwambia, "Mzee, nunua kabureta." Wa pili asema ni koili. Wa tatu atikisa kichwa na kusema kuwa ringi zimekwisha, na injini yote haina budi kufunguliwa. Mkulima huyu akiwafuata wote watatu atauza ndama wake, na gari litaendelea kutetemeka kama hapo kwanza. Haina maana kwamba mafundi hao ni wezi. Walikisia tu, na kukisia hulipiwa na mwenye gari.

Kila silinda huhitaji vitu vitatu: mchanganyiko wa petroli na hewa, cheche inayokuja kwa wakati wake, na mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kuubana mchanganyiko ule bila ya kuvuja. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo huwa mzigo kwa nduguze. Basi swali la kwanza si "Kimeharibika nini?" bali ni "Je, ni silinda moja au ni zote?"

Simama nyuma ya gari usikilize ekzosi. Mlio ukikatika kwa mpango ule ule, kama mwendo wa mtu achechemeaye, silinda moja haifanyi kazi. Ukikatika ovyo, mara hivi mara vile, yaelekea ubaya uko katika kitu kinachotumiwa na zote, kama vile petroli, kabureta, koili au pointi.

Ikiwa ni moja, tafuta ni ipi. Weka gari mahali tambarare palipo wazi, wala si ndani ya banda, kwa kuwa katika moshi wa ekzosi mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu kama asinziaye. Vuta hendibreki, gia iwe huru, na jiwe liwekwe gurudumuni. Vua skafu, maana feni haina huruma. Injini ikiwa yaenda polepole, shika waya wa plagi ya kwanza kwa koleo lenye mpini wa mpira, uuchomoe, na uuguse kwenye chuma cha injini ili umeme usikose njia. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Rudisha waya, uende ya pili. Utakapochomoa waya na injini isionyeshe tofauti yoyote, umempata mgonjwa. (Jaribio hili ni la magari ya zamani yenye pointi. Katika gari la siku hizi lenye vyombo vya elektroniki usilifanye. Utaharibu vitu vya bei kubwa.)

Zima injini, ifungue plagi ya silinda ile, uitazame uso wake. Rangi ya chai ya maziwa ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli kuzidi hewa. Ikiwa imelowa petroli, cheche haikufika. Ikiwa imelowa oili, oili inapenya kupitia ringi au valvu. Weupe wenye malengelenge huonyesha joto kupita kiasi. Kisha ubadilishane plagi hiyo na ya jirani yake: ugonjwa ukihamia kwa jirani, plagi ndiyo mbaya, na dawa yake ni bei ya plagi moja. Usipohama, fanya vivyo hivyo kwa waya. Lakini angalia usichanganye mpango wa nyaya. Land Rover ya silinda nne na Peugeot 404 zote hufuata mpango wa 1-3-4-2, ila Land Rover huhesabu kutoka mbele penye feni, na Peugeot huhesabu kutoka nyuma upande wa klachi. Wengi wamekesha usiku kwa kutojua hilo.

Plagi na waya vikiwa vizuri, sasa pima mgandamizo. Mwenye gari la zamani lenye hendeli ana chombo bora kuliko anavyodhani. Zima umeme kabisa, gia iwe huru, plagi zote ziwe mahali pake, kisha zungusha hendeli polepole. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono. Katika mizunguko miwili utahisi uzito mara nne. Uzito mmoja ukiwa hafifu, pale pana uvujaji.

Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo atakuambia kwa tarakimu. Hapa ndipo watu wa milimani hudhulumika bila ya mtu kukusudia. Hewa hupungua kadiri upandavyo. Nyeri imepungua karibu sehemu moja katika tano kuliko Mombasa. Vitabu vya magari kwa kawaida hutoa hesabu za hewa ya karibu na bahari. Injini ambayo kitabu chasema ionyeshe paundi 150 yaweza kuonyesha 120 hivi mjini Nyeri, nayo ni nzima kabisa. Fundi asiyejua hayo atasoma 120 na kuihukumu injini kifo. Basi usilinganishe silinda na kitabu tu. Ilinganishe na nduguze. Tatu zikisoma 120, 118 na 121, na ya nne 80, hiyo ya nne ndiyo yenye neno. Mimina humo kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimelika. Kisipopanda, ni valvu au gasketi. Na silinda mbili zilizo jirani zikiwa hafifu pamoja, gasketi yaelekea imeungua katikati yao. Fundi afunguaye hedi kabla ya kufanya haya, kwa maoni yangu, ni mfanyabiashara wa gasketi.

Sasa tuseme silinda zote ni sawa, na injini bado haitulii. Kama gari lilinunuliwa pwani, na plagi zote nne ni nyeusi na moshi ni mweusi, huenda hakuna ugonjwa hata kidogo. Kabureta ya zamani haijui kuwa imepanda mlima. Hutoa petroli ile ile ingawa hewa imepungua. Jeti ndogo zaidi, iliyochaguliwa na fundi ajuaye, hulimaliza shauri hilo.

Ikiwa injini hutetemeka inapoenda polepole tu, lakini hutulia ukikanyaga mafuta, yawezekana hewa inaingia kwa wizi mahali ambapo kabureta au bomba la kuingizia hewa limefungwa kwa gasketi. Pakaa maji ya sabuni kwa brashi kwenye maungo hayo injini ikiwa yaenda. Mlio ukibadilika, umelipata tundu. Usitumie petroli kwa jaribio hili, hata ukiona wengine wakifanya.

Miezi ya Juni hadi Agosti, ukungu ukishuka, magari mengi hukataa asubuhi na kupona saa nne. Hiyo ni dalili ya unyevu. Fungua kofia ya distributa, uipanguse ndani na nje kwa kitambaa kikavu, utazame kama ina ufa mwembamba kama unywele. Usiku penye giza, nyaya zilizochakaa hujifichua zenyewe: utaona cheche za buluu zikitambaa juu yake.

Na kama ubaya ulianza mara tu baada ya kujaza tangi, shuku mafuta. Chota kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji hukaa chini, petroli juu. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, lakini iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la uto. Udanganyifu huo ulienea hata Serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili isiwe faida kuyachanganya.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulifurahia kwa makosa. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, nayo yalilinda vikalio vya valvu. Kenya iliacha petroli hiyo tangu mwaka 2006. Katika injini ambazo vikalio hivyo vilichongwa katika chuma kile kile cha hedi, bila ya pete ngumu, valvu za ekzosi huweza kuzama kidogo kidogo, hasa gari likibeba mzigo mzito milimani. Zikizama, nafasi ya valvu hupungua, na ile kelele ya tik-tik uliyoizoea hunyamaza. Mwenye gari husema, "Injini yangu imetulia." Kumbe valvu haifungi tena sawasawa; joto haliwezi kutoka, nayo huungua ukingoni. Ndipo silinda moja hufa. Kwa hiyo injini ya zamani ikinyamaza ghafula, mwambie fundi apime nafasi za valvu siku hiyo hiyo kwa kipimo chembamba cha chuma, injini ikiwa baridi au moto kama kitabu chake kiagizavyo, na aandike tarakimu za kila valvu kwenye karatasi, ili mara nyingine mwone ni ipi inayozama.