Mwanao ana mahitaji maalumu? Mwandalie Idi yake mapema

Siku moja kabla ya Idi el-Fitri mara nyingi hakuna anayejua kwa hakika kama kesho ni sikukuu. Mwezi ukiandama jioni ya tarehe 29 Ramadhani, asubuhi watu wanakwenda kusali Idi. Usipoandama, wanafunga siku ya 30. Kwa watoto wengi kungoja huko ni sehemu ya raha yenyewe.

Kwa mtoto mwenye usonji, ambaye utulivu wake unategemea kujua kitakachofuata, mambo ni tofauti. Anaamka na kukuta nyumba imejaa wageni, chakula kimebadilika na anavalishwa nguo asiyoizoea. Akipiga kelele au kujitupa chini, huo si utundu wala deko. Amezidiwa.

Hapo wazazi wengi huchagua moja kati ya mawili: kumlazimisha aende kila mahali, au kumwacha nyumbani wenzake wakienda kiwanjani. Yote mawili yanamnyima sikukuu, wakati ipo njia ya katikati ambayo haina gharama kubwa.

Anza na huo mwezi. Chora karatasi mbili. Ya kwanza iwe na mwezi, kanzu au gauni jipya, nyumba ya bibi na pembea. Ya pili iwe na siku ya kawaida. Zibandike ukutani wiki nzima na umwoneshe kila jioni. Tangazo likitoka usiku, bandua moja mbele yake. Idi el-Hajj ni nafuu, kwa kuwa huangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu na siku yake hujulikana mapema, hivyo mnaweza kuhesabu siku pamoja.

Nguo mpya nayo ina vita vyake. Kanzu yenye wanga hukwaruza, na lebo ya shingoni humsumbua mtoto mwenye ngozi nyepesi kuhisi. Ifue mara mbili tatu, kata lebo, mvalishe kidogo kidogo siku za kabla. Akiikataa kabisa, fulana yake aipendayo iliyofuliwa vizuri inatosha. Picha ya familia haitaharibika.

Kwenye nyumba za ndugu ndiko penye kazi. Mtoto anatakiwa kusema shikamoo, kutoa mkono, kukumbatiwa na shangazi watatu kwa mpigo, ndipo apewe mkono wa Idi. Mtoto asiyesema au asiyependa kuguswa hukwama mlangoni. Wapigie simu wenyeji siku moja kabla. Waeleze kwamba atapunga mkono tu, au ataonesha kadi yenye salamu, na hiyo ndiyo shikamoo yake. Waombe pia hela wampe yeye mkononi badala ya kumkabidhi mama huku wakinong'ona "masikini." Neno hilo mtoto hulisikia, hata kama halijibu.

Muombe mwenyeji chumba kimoja kitulivu. Mkae nusu saa, muondoke angali anafurahi.

Kiwanjani, iwe Mnazi Mmoja au Kariakoo mjini Unguja, au popote watoto wanapokusanyika, saa ndiyo kila kitu. Jioni muziki unakuwa juu, puto zinapasuka na watu wanasongamana. Nenda mapema, wakati pembea bado hazina foleni. Hedifoni kubwa za kuziba masikio humsaidia anayeteswa na kelele. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, muda huo wa mapema ndio pekee wenye nafasi ya kupita bila kusukumwa. Tena Unguja sikukuu huchukua hadi siku nne, kwa hiyo si lazima yote yafanyike Idi mosi.

Kabla ya kutoka, mpige picha kwa simu akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na uandike namba yako kwenye mkono wake. Baadhi ya watoto wenye usonji huchomoka ghafla, na wengi wao huvutwa na maji. Mnazi Mmoja si mbali na bahari. Akipotea, pa kutazama kwanza ni kwenye maji.

Yapo pia ya kiafya. Mtoto mwenye kifafa asirushwe dozi hata moja kwa sababu ya shamrashamra, na asikeshe, kwani kukosa usingizi kunaweza kuleta degedege. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na shida ya kumeza, hivyo karanga, peremende na mapande ya nyama ni hatari kwake. Mlishe akiwa ameketi wima, chakula laini alichokizoea, na uwaambie wazi wageni wasimtilie kitu mdomoni kwa mapenzi. Asiyekula pilau abebewe wali wake mweupe kwenye kontena. Sikukuu si siku ya kumfundisha vyakula vipya.

Na wapo ndugu zake. Wakiondolewa kiwanjani kila mwaka kwa sababu kaka yao amechoka, watamchukia bila kusema. Pangeni tangu nyumbani nani kati ya watu wazima atarudi naye na nani atabaki na wengine, na mwaka ujao mbadilishane zamu. Mkubaliane na mtoto ishara moja ya "nimechoka," kama kushika sikio. Akiionesha, ondokeni palepale, hata kama tiketi ya pembea imeshalipiwa.