"Spineli Tu": Neno Linalowatia Hasara Wauzaji wa Mawe

Mwezi uliopita binamu yangu aliteremka kutoka Mwatate hadi kwangu Mombasa akiwa na jiwe jekundu la ukubwa wa punje ya mahindi, amelifunga ndani ya kikaratasi. Alilinunua Voi kwa akiba yake, akiambiwa ni yakuti, yaani rubi, kutoka Mahenge, Tanzania. Dalali mmoja alilitazama akacheka. "Hii ni spineli tu," akasema, akataja bei ya kutupa.

"Kaka, nimeibiwa?" aliniuliza.

Nimesomea mambo ya miamba, nikamjibu: pengine mara mbili.

Kwanza, aliyemuuzia alimpa jina lisilo lake. Yakuti na spineli nyekundu hufanana kwa sababu zote hupata wekundu kutokana na kromiamu. Hata wafalme walikosea. Jiwe kubwa jekundu katika taji la Uingereza, liitwalo Black Prince's Ruby, ni spineli. Mfaransa Romé de l'Isle ndiye aliyetenganisha mawe haya mawili mwaka 1783. Spineli ambayo haijakatwa mara nyingi huwa na nyuso nane, kama piramidi mbili zilizogusana vitako. Yakuti hukua kwa umbo la pande sita.

Pili, lile neno "tu" ni la hila. Spineli nzuri za Mahenge zinatafutwa duniani kote, hasa tangu mwaka 2007 yalipopatikana mawe makubwa sana huko Ipanko.

Sasa, mtu atajuaje kama jiwe limetoka Mahenge kweli? Hapa ndipo sayansi inaposaidia. Spineli safi ni magnesiamu, aluminiamu na oksijeni, na haina rangi. Lakini wali ukipikwa kwa iliki hunukia iliki. Spineli nayo, inapoumbika ndani ya mwamba, hunasa chembe za elementi zilizo karibu nayo.

Ile iliyoumbika ndani ya marumaru, kama ya Mahenge au Mogok kule Myanmar, kwa kawaida huwa na chuma kidogo, pamoja na kromiamu na vanadiamu. Ndiyo maana rangi yake hung'aa. Chuma kikizidi, jiwe hufifia na kuwa jeusijeusi. Spineli za miamba ya kina kirefu chini ya gamba la dunia huweza kujaa kromiamu hadi zikawa nyeusi. Huko Luc Yen, Vietnam, kobalti kidogo sana hutoa buluu ya ajabu. Hata magnetiti, ule mchanga mweusi unaonaswa na sumaku, ni wa ukoo huu. Iliyotoka kwenye lava kwa kawaida huwa na titaniamu nyingi kuliko ile ya miamba ya chuma iliyotandama majini zamani.

Maabara hutumia leza kumega chembe isiyoonekana kwa macho, kisha mashine huhesabu elementi hizo, hata zikiwa chache katika kila sehemu milioni moja.

Lakini nisiwadanganye. Kipimo hiki hutambua aina ya mwamba kwa uhakika zaidi kuliko jina la kijiji. Marumaru ya Mahenge na ya Mogok zinaweza kutoa mawe yenye hesabu zinazokaribiana. Chuma kikionekana kingi, tutajua hadithi ya marumaru ina walakini. Kikiwa kidogo, hadithi inawezekana, ila bado haijathibitishwa.

Nilimshauri binamu asiuze kabla ya kupima. Tatizo ni kwamba mchimbaji wa Taita hana mashine hiyo karibu, na anayeijua bei ni mnunuzi peke yake. Kwa maoni yangu, kaunti zenye vito zingeanza na huduma ndogo ya kutambua mawe, ada nafuu, karibu na machimbo. Biashara ambayo upande mmoja tu ndio unaojua kinachouzwa si biashara ya haki.

Jiwe bado liko kwenye kikaratasi chake. Safari hii, binamu anasubiri cheti.