Umeme wa Betri Katika Mitumbwi ya Ziwa Tanganyika: Fyuzi Hupangwa Kabla ya Taa

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kwa miaka mingi uvuvi wa dagaa wa usiku katika Ziwa Tanganyika ulitegemea karabai za mafuta ya taa. Katika mialo kama Kibirizi, Katonga na Ujiji, taa za LED zinazotumia betri za volti 12 sasa zimeenea. Mabadiliko hayo yamepunguza moto wa wazi ndani ya mitumbwi, lakini yameleta hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni waya uliofungwa bila mpango.

Imani iliyozoeleka ni kwamba volti 12 hazina madhara kwa kuwa kwa kawaida hazimpigi mtu shoti. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Waya ukichubuka na ncha mbili za betri zikakutana, betri ya asidi inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Ndani ya sekunde chache waya huwa mwekundu na plastiki yake huwaka. Katika chombo cha mbao chenye madumu ya petroli, hali hiyo haihitaji maelezo marefu, hasa ikizingatiwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya mtumbwi, mahali ambapo betri nyingi huwekwa.

Kwa sababu hiyo, mpango wa umeme wa chombo huanzia kwenye fyuzi. Kazi yake ni kuulinda waya, si taa. Fyuzi iliyowekwa mbele karibu na taa huuacha waya wote unaotoka kwenye betri bila ulinzi. Mahali pake ni kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Viwango vya boti ndogo vinavyofuatwa Marekani hutaja umbali wa sentimeta 18 hivi. Kuibadili fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, jambo ambalo baadhi ya mafundi hulifanya usiku kazi isisimame, ni sawa na kutokuwa na fyuzi kabisa.

Hatua inayofuata ni hesabu. Taa sita za wati 20 kila moja hutumia wati 120. Zikigawanywa kwa volti 12 hupatikana ampea 10. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake ikiwa mwenyewe anataka idumu, hivyo itawasha taa hizo kwa takriban saa tano, muda ambao haufikii alfajiri. Mwenye chombo atalazimika kuongeza betri au kupunguza taa, na ni afadhali alijue hilo akiwa nchi kavu.

Unene wa waya nao una hesabu yake, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kutaka kubana gharama. Taa zikiwa mita 12 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 24 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba ukibeba ampea 10 kwa umbali huo hupoteza zaidi ya volti moja na nusu njiani, na taa hufifia. Waya wa milimita 10 za mraba hupoteza takriban volti 0.4. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mzito haufai, kwani hukatika kwa mtikisiko wa injini na mawimbi. Unaofaa ni wenye nyuzi nyingi nyembamba, na viungo vyake vibanwe kwa vishikizo maalumu badala ya kusokotwa na kufungwa mpira wa tyubu.

Taa za uvuvi, taa za kuonesha chombo na pampu ya kutoa maji zinapaswa kuwa na njia tofauti, kila moja na fyuzi yake. Fyuzi ya taa za uvuvi ikiungua, meli inayopita bado itauona mtumbwi. Betri nayo hufungwa imara ndani ya sanduku lenye matundu ya juu, mbali na petroli, kwa sababu wakati wa kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Mchoro wa njia hizo, hata wa kalamu kwenye karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko wa nailoni, humsaidia fundi wa Kirando kurekebisha chombo kilichofungwa nyaya Ujiji. Humsaidia pia mmiliki anapojiandaa kwa ukaguzi wa vyombo vidogo unaofanywa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Muda wa kazi hiyo upo. Mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa na mitumbwi mingi hupumzika ufukweni. Aidha, mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu inayotosha kung'oa nyaya zote za zamani na kufunga mpya.