Subira Haizuii Kukata Rufaa



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama, ambao ndio hupokea barua nyingi zinazofika nyumbani, juma hili tunawaandikia kutoka Nyamasaria, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kando ya barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi. Tunaandika kwa majuto, kwani jambo hili limetufundisha sisi kabla ya kuwafundisha wengine.

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto, alikuwa akipika mandazi na kuuza chai katika kibanda cha mawe alichokijenga ubavuni mwa nyumba yake. Siku moja alikabidhiwa notisi kutoka ofisi moja ya serikali: kibanda kimejengwa bila idhini, kibomolewe. Siku ya tatu alituletea karatasi ile. Tuliitazama juujuu, tukamwambia, "Subiri, binti yangu. Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri." Akaikunja, akaenda zake. Aliporudi siku ya ishirini na moja, tulimpeleka kwa wakili. Wakili alisoma tarehe tu, kisha akatuuliza, "Sheikh, mlikuwa wapi siku zote hizi?" Tuliandika barua kuomba muda uongezwe. Tingatinga lilifika kabla ya jibu.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 humpa mwenye kupokea notisi ya namna hiyo siku 14, tangu alipokabidhiwa, akate rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Kamati nayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 30, na asiyeridhika huendelea hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mlango ulikuwa wazi. Sisi ndio tuliomwambia jirani yetu aketi nje.

Tulikosea wapi? Tuliifanya subira kuwa kunyamaza. Bibi Khawla bint Thaalaba (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kulalamikia alivyotendewa na mumewe. Alijadiliana, wala hakuambiwa anyamaze. Malalamiko yake yalisikiwa mbinguni, na sura ya 58 ya Qur'ani ikaitwa Al-Mujadila, yaani mwanamke mwenye kujadiliana. Baadaye, zama za Bani Abbas, kulikuwa na Diwani ya Madhalimu, baraza ambamo raia aliweza kumshitaki hata afisa wa dola. Al-Mawardi aliiandikia mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Basi kumwomba mkubwa auangalie upya uamuzi wa mdogo wake si utovu wa adabu.

Hapa Kenya, haki hiyo imo katika kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, na imefafanuliwa na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015. Ofisi ikitaka kuchukua hatua itakayokudhuru, yapasa ikujulishe mapema, ikupe nafasi ya kujieleza, na ikuonyeshe ushahidi inaoutegemea. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali (r.a.) kuwa kadhi Yemen, alimwusia asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Misingi ni hiyo hiyo.

Ikiwa barua imekwisha kufika nyumbani, fanyeni hivi.

Kwanza, andikeni juu yake tarehe mliyoipokea, na jina la aliyeileta. Siku huhesabiwa kutoka hapo.

Pili, tafuteni katika barua yenyewe mnakata rufaa wapi na kwa siku ngapi. Kama haikutaja, ulizeni siku hiyo hiyo, kwani kila baraza lina muda wake.

Tatu, ombeni kwa maandishi sababu za uamuzi na nakala za hati zilizotumika. Ofisi isipozitoa, sheria humtaka mwenye kusikiliza shauri achukulie kwamba uamuzi ulitolewa bila sababu njema, mpaka ithibitike vinginevyo. Hata hivyo, msiache siku za rufaa zipite kwa kungojea majibu.

Nne, msiruke ngazi. Mahakama haitapitia uamuzi mpaka rufaa za ndani zimalizwe, isipokuwa kwa hali ya kipekee, na mwombaji mwenyewe aombe kusamehewa sharti hilo. Ombi likishawasilishwa chini ya sheria hii ya 2015, hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Tano, kila mnachowasilisha kipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ibaki nyumbani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni. Haki mnayoidai serikalini nayo ni deni.

Ofisi ikichelewesha au ikiwadharau, ipo Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, nayo ina ofisi Kisumu. Hupokea malalamiko ya mdomo na ya maandishi, bila malipo, na kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge ana Haki". Lakini msiiache rufaa kwa kutegemea malalamiko hayo.

Jirani yetu sasa anauza chai chini ya turubai. Alhamisi baada ya darsa, akina mama humletea barua zao, naye huwauliza swali moja kabla ya yote: "Umeipokea lini?" Hilo ndilo swali tulilopaswa kumwuliza sisi siku ile ya tatu. Tumemwomba radhi, na ametusamehe. Mwenyezi Mungu amfungulie riziki iliyo bora kuliko ile, na atujaalie sisi tulioaminiwa na watu tusome kabla ya kunasihi.

Wabillahi tawfiq.