Kutoa Lock Salgaa

Leo form ni ya wale wa kutoa lock kila asubuhi. Ndio, wewe. Usiangalie nyuma, hakuna mwingine hapo.

Salgaa unaijua. Trela zimejipanga kando ya barabara ya Nakuru-Eldoret, madere wanashuka kusaka msosi, room na handas. Dere anatafuna muguka ndio afike Malaba macho wazi. Tanboi anatafuna juu dere anatafuna. Wewe nawe unatafuna juu... enyewe wewe huendi mahali. Uko parked tu.

Cheki base. Bench moja, Big G, njugu, soda moto, majani kwa karatasi. Saa nne usiku wasee wanne washanunua Subukia yote, wamefungua kampuni ya trela, na mmoja ashafuta manager kazi. Saa tisa hakuna anaongea. Kila mtu anachunguza ukucha wake. Saa kumi na moja usingizi imekataa, roho inadunda, so unashusha stimu na keroro. Kesho unaamka umechapa, unatoa lock, halafu unatafuna ndio uamke poa. Hiyo ni mat ya mzunguko, buda, na haina stage.

Sheria ya Mututho ya 2010, jamaa wa Naivasha, county yetu hii hii, ilisema bar ifunguliwe saa kumi na moja jioni na chang'aa iuzwe kwa chupa ya glasi. Huku iko kwa jerikan, na saa kumi na moja tunajua ni ya asubuhi.

Ganji sasa. Piga finje tano kwa siku, mwezi ni 7,500. Hiyo ni bedsitter fiti, na bado unalala kwa binamu. Rehab ya private nayo, ukiuliza bei utadhani wanakuuzia ploti, na unakaa huko kitu miezi tatu.

Wazae wana dawa mbili: maombi na bibi. "Mtafutieni bibi atatulia." Yaani dem wa wenyewe ageuzwe rehab, bila mshahara. Guka anaapa enzi zao hakukuwa na depression. Guka, ulikuwa kwa busaa tangu saa nne asubuhi, ungejuaje?

But kuna kitu mtaa hautaji. Hii barabara imekula watu. Sachangwan, Januari 2009, tanka ya mafuta ilianguka, watu wakakimbia na mitungi, moto ukabeba zaidi ya 100. Migaa, alfajiri ya 31 Disemba 2017, basi na lori, 36. Na ajali ikitokea, kabla ambulensi ni wasee wa mtaa wanavuta watu kwa mabati. Mse ameshika vitu hivyo na mikono yake, halafu mnashangaa akizima taa anaona nini. Mnamwita mlevi. Yeye anatafuta usingizi.

Na usijifanye ngumu eti Jumatatu unakata pombe ghafla. Kama mikono inatetemeka mpaka kikombe kifike, hiyo si lock tena, ni arosto. Mwili uliozoea keroro kila siku ukiunyima ghafla unaweza kupata kifafa, uone vitu hazipo, hata udedi. Hiyo inatolewa hosi, daktari akiangalia. NACADA wako 1192, simu ni bure. AA pia ni bure, ilianzishwa Marekani 1935 na walevi wawili, mmoja daktari. So hakuna mtu huko atakuhubiria kama hajawahi kuwa maji.

Na kama kichwa imefika pale pa kutaka kumaliza kila kitu, ambia mtu leo. Kitambo ukijaribu ukapona, ulikuwa unaweza kufungwa hadi miaka miwili. High Court ilitupa hiyo sheria, section 226 ya Penal Code, tarehe 9 Januari 2025.

Shida ni base. Ukikataa raundi unaitwa pastor. Usieleze. Sema tu, "Niko kwa dawa, daktari amekataa." Kenya mzima inaheshimu dawa. Hakuna mse atauliza swali la pili, juu wote washaamua ni gono. Wacha waamue. Agiza Stoney, baridi.