Madeni Yamekulemea Mlowo? Piga Hesabu Kabla ya Ufilisi

Bei ya mahindi ikianguka huku marejesho ya kila wiki hayasubiri, mfanyabiashara wa mji wa Mlowo huanza kukopa huku alipe kule. Akichoka, anasikia kijiweni kwamba ukitangazwa mufilisi, madeni yanakwisha.

Sheria ya Ufilisi ya Tanzania, Sura ya 25, inamruhusu mdaiwa kuomba mwenyewe, hata bila wakili. Ila ombi linakwenda Mahakama Kuu, si Mahakama ya Mwanzo, na likikubaliwa mali inatoka mikononi mwako ili wanaokudai wagawiwe. Kwa deni la milioni mbili tatu, nauli na siku za kufunga duka zinaweza kukugharimu kuliko nafuu yenyewe. Wakenya wana njia nyepesi: tangu sheria yao ya 2015, asiye na mali, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, anaweza kuomba msamaha kwa ofisa wa serikali bila kwenda mahakamani.

Hapa kwetu, njia nafuu ni msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake ni bure. Hawezi kukuwakilisha mahakamani, lakini atausoma mkataba nawe, na mara nyingi hapo ndipo penye pesa. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi: kwa mkopo wa milioni 1, ni shilingi 35,000. Mkopeshaji wa “kausha damu” wa asilimia 20 kwa mwezi anachukua 200,000! Mwulize leseni yake kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia programu 69 za mikopo ya simu zisizo na kibali.

Wakili mlipe pale nyumba inapoguswa. Aliyeweka nyumba rehani ana haki ya notisi ya siku 60, na mnada hutangazwa siku 14 kabla. Nyumba ya familia iliyowekwa bila ridhaa ya mwenzi ni hoja nzito. Mkubaliane ada kwa maandishi, udai risiti.

Wakili kishoka anayekuandikia ombi la ufilisi kwa elfu hamsini, usimpe hata mia.